MOTOKAA YA MKULIMA: Peugeot 404 na Peugeot 504, Ipi Yamfaa Mtu wa Bumula?

Katika upande wa Bumula, toka Kimaeti hata Khasoko, na kadhalika katika mashamba ya Kitale ambako watu wengi wa Bungoma walinunua ardhi baada ya 1963, si ajabu hata leo kuiona Peugeot ya zamani imesimama chini ya mwembe. Nyingine yatembea kila siku ya soko. Nyingine haijatembea tangu mwenyewe alipofariki, na kuku hutagia juu ya viti vya nyuma. Basi aghalabu hutokea kwamba kijana aliyerithi, au mwalimu aliyestaafu mwenye kiinua mgongo mkononi, huuliza: je, niifufue hii 404 ya mzee, au ninunue 504 ninayouziwa na jirani?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, maana fedha za kiinua mgongo hupatikana mara moja tu. Tena mtu akisha kununua motokaa hapandi peke yake. Hupanda mkewe, watoto wake, mama yake mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Bungoma, na majirani wasiokataliwa. Kwa hiyo leo tutazilinganisha motokaa hizi mbili kwa utaratibu, wala hatutajali sana ni ipi yenye sura nzuri. Sura zote mbili zilichorwa na nyumba ile ile ya Pininfarina ya Italia, na kila mtu ana macho yake.

Peugeot 404 ilitokea Ufaransa mwaka 1960. Peugeot 504 ilifuata mwaka 1968, na mwaka 1969 ilichaguliwa kuwa Motokaa ya Mwaka katika Ulaya. Huko Ufaransa saluni ya 404 iliendelea kuundwa hadi 1975, na saluni ya 504 hadi 1983. Huku kwetu 504 ziliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, na pikapu zake zikaendelea kununuliwa mpya wakati ambapo Mfaransa mwenyewe alikuwa amekwisha kuisahau saluni yake. Ndiyo sababu vyuma vya 504 ni rahisi kupatikana kuliko vya 404, na msomaji alitie jambo hili moyoni tangu sasa.

Watu husema 504 ni motokaa nyingine kabisa. Kwa upande wa injini, maneno hayo si kweli. Injini ya kawaida ya 404 ina silinda nne, kila silinda ina upana wa milimita 84, na pistoni husafiri milimita 73. Jumla yake ni sentimeta za ujazo 1,618. Injini ya kwanza ya 504 ina silinda nne za upana ule ule wa milimita 84, ila pistoni husafiri milimita 81, na jumla yake ni 1,796. Yaani Peugeot walichukua injini ya mkubwa wakampa mdogo wake hatua ndefu zaidi. Zote mbili zimelazwa upande, nyuzi 45, ili boneti iwe chini. Baadaye, mwaka 1970, 504 ilipewa injini ya 1,971, ambayo upana wa silinda uliongezwa hata milimita 88. Fundi aliyejifunza kazi yake juu ya 404 hapotei akifungua boneti ya 504. Ni kama mtu aliyehama nyumba lakini akaikuta jiko limejengwa upande ule ule.

Kuna jambo moja katika injini hizi ambalo lapaswa kusifiwa, nalo ndilo lililozifanya ziishi vijijini. Silinda zake hazikuchongwa ndani ya bloku lenyewe. Ni mirija ya chuma iliyosimamishwa ndani ya bloku na kuzungukwa na maji, ambayo mafundi huiita laina. Injini nyingine nyingi zikilika, bloku zima hupelekwa mjini kwenye mashine ya kuchonga, na mwenyewe hulipa gharama ya kupeleka, ya kuchonga na ya kurudisha. Katika Peugeot hizi fundi huchomoa laina nne zilizolika pamoja na pistoni zake, akatia nne mpya, akafunga hedi. Kazi hiyo yaweza kufanyika chini ya mti, mradi fundi awe mwangalifu na mahali pawe safi. Lakini laina zataka zikae kwa kimo kilicho sawa, na zile ringi za chini zizibe barabara. Fundi mwenye haraka akikosea hapo, maji hushuka kwenye oili. Basi kabla hujatoa hata shilingi moja, chomoa kijiti cha kupimia oili ukitazame. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, funga boneti, uage kwa heshima, urudi nyumbani.

Kuhusu nguvu, 404 yenye kabureta ilitoa nguvu za farasi zipatazo 70, na 504 ya 1,796 ilitoa zipatazo 80. Katika barabara tambarare 404 nzima iliweza kupita kilometa 135 kwa saa, na 504 kufikia 150. Hesabu hizo ni za Ulaya, tena za pwani, na mtu wa Bumula asizichukue zilivyo. Injini hula hewa pamoja na petroli, na kadiri unavyopanda mlima hewa huwa nyepesi. Mji wa Bungoma uko yapata meta 1,400 juu ya bahari, na hapo injini isiyo na kipulizio imekwisha kupoteza karibu sehemu moja katika saba ya nguvu zake. Ukienda Nairobi kwa njia ya Eldoret, hapana budi upite Timboroa, ambako barabara yapanda zaidi ya meta 2,700. Hapo hupotea zaidi ya robo. Fanya hesabu mwenyewe: 504 ikifika Timboroa haina hata 60 katika zile 80 zake, yaani imekuwa dhaifu kuliko 404 iliyo Mombasa. Ndipo utaelewa kwa nini wazee walikuwa wakishuka gia mapema na kusubiri, na kwa nini dereva anayejaribu kulipita lori kwenye mlima ule, akitegemea nguvu alizozizoea Kanduyi, huona barabara imekwisha kabla hajamaliza kupita.

Kwa petroli hakuna tofauti kubwa ya kumfilisi mtu. Zikiwa nzima na zikiendeshwa kwa utulivu, zote mbili huenda kama kilometa kumi kwa lita moja, na 504 hunywa kidogo zaidi. Safari ya Bumula hata Kitale na kurudi yataka lita ishirini na zaidi kwa yoyote kati ya hizo mbili. Anayetaka kuweka akiba ya petroli asitafute motokaa ya umri huu kamwe.

Hapa wapenzi wa mashindano watauliza mbona hatujataja Safari. Tutaitaja, ingawa kwa ufupi. Mashindano yale yalianza mwaka 1953. 404 iliyashinda mara nne: mwaka 1963 na mwaka 1968 kwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mwaka 1966 na 1967 kwa Bert Shankland na Chris Rothwell. Mwaka 1963 motokaa 84 zilianza na saba tu zikamaliza. Mwaka 1968 vile vile zikamaliza saba. 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na ile ya milango miwili yenye silinda sita ikashinda mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Ushindi huo ulikuwa wa haki, na uliwauzia Wafaransa motokaa nyingi katika Afrika ya Mashariki. Ila motokaa za mashindano zilikuwa na mafundi wakizingojea njiani, wenye springi mpya na magurudumu mapya. Ile unayouziwa wewe haikungojwa na mtu. Imepita miaka arobaini au zaidi ikipigwa na mashimo, na kila shimo limeacha alama yake mahali fulani chini.

Na chini ndiko twataka kumpeleka msomaji, maana tofauti kubwa ya motokaa hizi haiko mbele kwenye injini, iko nyuma kwenye ekseli.

Saluni ya 404 ina ekseli moja ngumu nyuma, inayobebwa na springi za mviringo. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, la kulia nalo huhisi. Si raha sana kwa abiria wa nyuma, lakini magurudumu husimama wima siku zote, uwe umepakia au hukupakia. Saluni ya 504 ilifanywa namna nyingine: kila gurudumu la nyuma lina mkono wake na springi yake, nalo hupanda na kushuka peke yake. Kwa msafiri ni raha tupu. Katika barabara ya maramu iliyojaa mikunjo, kama ile ya kiangazi wakati malori ya miwa yamekwisha kuivuruga, saluni ya 504 huteleza juu ya mikunjo pale ambapo 404 hutetemesha meno. Mtu aliyewahi kusafiri ndani ya zote mbili siku moja hahitaji kuelezwa zaidi.

Tatizo ni pale mwenyewe anapoifanya saluni ya 504 kuwa punda. Gunia la mahindi lina kilo 90. Akitia magunia matatu kwenye buti na watu watatu wanene kwenye kiti cha nyuma, mikono ile hukunjwa juu, na magurudumu hulala, sehemu ya juu ikiingia ndani na ya chini ikitoka nje. Tairi huanza kulika upande wa ndani, mahali ambapo mwenye motokaa haoni asipoinama. Kwa nje tairi ni mpya. Kwa ndani nyuzi zimetokeza. Tairi ya namna hiyo ikipasuka kwenye mteremko wa Webuye, hakuna usukani wa kuisaidia. Kwa hiyo yeyote anayenunua saluni ya 504 na avue koti, alale chini juu ya gunia, na kupapasa tairi za nyuma kwa ndani. Mkono utamwambia ambayo muuzaji hakuyasema.

Wafaransa walilijua jambo hili. Ndiyo maana 504 ya familia, ile ndefu yenye safu tatu za viti ambayo tumezoea kuiita wagoni, hawakuipa mikono ya saluni. Waliirudishia ekseli ngumu, wakaibebesha springi nne za nyuma, mbili kila upande, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yakatenganishwa kwa milimita 2,900, wakati saluni ina 2,740. Pikapu nayo ina ekseli ngumu, na iliundwa kubeba mzigo wa zaidi ya tani moja. Basi mtu akikwambia "504", muulize mara moja: 504 gani? Saluni na wagoni zafanana usoni kama ndugu, lakini migongo yao ni mbalimbali kabisa, na mgongo ndio unaobeba.

Hapo ndipo yatoka masikitiko yetu makubwa. Ile wagoni, kwa sababu ya ekseli yake na springi zake nne, ikawa teksi ya safari ndefu. Kwa miaka mingi Pijo zilikwenda Nairobi kutoka Kitale na Bungoma, zaidi ya kilometa 370 kwa upande wowote, na zilikuwa fahari ya barabara, maana ziliwaacha mabasi nyuma kwa saa nyingi. Zilikuwa na nafasi za abiria saba. Katika barabara za ndani hesabu ya saba haikuheshimiwa. Watu waliketi wanne mahali pa watatu, mtoto juu ya paja, na kijana mmoja akasimama nyuma amening'inia. Dereva alitazama springi, akaona hazijagusa, akasema bado nafasi ipo. Springi imara zikageuzwa kuwa ruhusa.

Lakini springi hazisimamishi motokaa. Kinachosimamisha ni breki, na breki hupigana na uzito pamoja na mwendo. Uzito ukiongezeka kwa nusu, kazi ya breki huongezeka kwa nusu. Mwendo ukipanda kutoka kilometa 80 hata 120 kwa saa, kazi ya breki hupita mara mbili. Kwa hakika ni mara mbili na robo. Watu kumi na wawili wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 840, kabla hujahesabu kuku na ndizi zilizo juu ya paa, na wagoni haikuundwa kubeba mzigo huo. Wengi waliozikwa baada ya ajali za namna hiyo walipanda kwa sababu walikuwa na haraka ya kufika kwenye mazishi ya mtu mwingine. Mwaka 2004, zilipoanza kutumika zile kanuni ambazo watu wote huziita za Michuki, magari ya abiria yalilazimishwa kuwa na mikanda kwa kila kiti na kifaa cha kuzuia mwendo usipite kilometa 80 kwa saa. Wenye Pijo wengi walinung'unika. Sisi twaona ya kwamba kama kanuni hizo zingalikuja miaka ishirini kabla, baadhi ya wasomaji wetu wangalikuwa na baba zao hai. Siku hizi kazi ya Pijo katika Bungoma yafanywa na Toyota Probox, na ukitazama jinsi zinavyopakiwa utaona ya kuwa kilichobadilika ni motokaa tu.

Turudi kwenye breki zenyewe. 404 za miaka ya kwanza zina dramu kwenye magurudumu yote manne. Dramu zikipata moto kwenye mteremko mrefu hulegea, na mguu wa dereva hushuka hata sakafuni. Diski za mbele zilitiwa katika 404 mwishoni mwa miaka ya 1960. 504 ilikuwa na diski za mbele tangu ilipozaliwa. Kwa mtu anayekaa Bumula na kwenda soko la Mateka au Bungoma mjini tu, dramu zilizotunzwa zatosha, maana nchi yetu ni tambarare kiasi. Kwa mtu mwenye shamba Kitale na nyumba Bumula, anayepanda na kushuka Webuye kila wiki akiwa na mzigo, twamshauri asinunue 404 ya dramu tupu hata akipewa kwa bei ya baiskeli.

Magurudumu pia hayafanani. 404 hutembea juu ya magurudumu ya inchi 15, na 504 ya inchi 14. Gurudumu kubwa hutoka katika shimo kwa urahisi zaidi, na hapa 404 yashinda. Lakini tairi nyembamba za inchi 15 siku hizi hutafutwa kwa taabu, na za inchi 14 zajaa madukani. Ushindi usio na tairi ni ushindi wa namna gani? Kadhalika difu ya 404 ina meno ya parafujo yanayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Huenda kimya sana na hudumu miaka mingi, ila yataka oili yake maalumu. Mtu akiijaza oili yoyote aliyouziwa kwa chupa ya soda, huanza kusikia wimbo chini ya kiti cha nyuma, na wimbo huo hauna beti nyingi. Katika saluni ya 504 Peugeot waliiacha difu ya namna ile wakatia ya kawaida, ambayo fundi yeyote aijua.

Kwa upande wake, 404 ina sifa moja ambayo karani wa mjini hataijali lakini mkulima ataipenda: betri ikifa, huwashwa kwa hendeli. Na kiyoyozi cha maji, yaani feni ya mbele, hujifunga na kujifungua kwa umeme kulingana na joto la maji, hekima ambayo 504 iliirithi. Ukikuta imefungwa kwa waya izunguke siku zote, ujue fundi alishindwa na swichi yake. Si kosa kubwa, lakini ni dalili ya jinsi motokaa hiyo ilivyotunzwa katika mambo mengine.

Basi hukumu yetu ni hii. Aliyerithi 404 isiyo na kutu chini ya sakafu, na ambaye hana haja ya kupakia, na aitengeneze na kuitunza. Itampeleka kanisani, sokoni na kwenye harusi kwa heshima, na fundi wa kijijini ataiweza. Asiyekuwa nayo asiende kuinunua, kwa sababu ya taabu ya vyuma na tairi. Mkulima wa mahindi na tumbaku anayetaka kazi, achukue pikapu ya 504, na akipata yenye injini ya dizeli iliyo nzima asisitesite. Saluni ya 504 ni ya karani au mwalimu ambaye mzigo wake ni watoto na vitabu. Wagoni tunaiogopa kidogo, si kwa ubaya wake, ila kwa sababu nyingi zilizobaki zilikuwa teksi, na teksi haizeeki kwa miaka bali kwa safari.

Pia asidhani mtu ataagiza iliyo bora zaidi kutoka ng'ambo. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyotumika ya umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo utanunua katika zilizoko nchini. Kagua kitabu cha motokaa uone kwamba jina ni la yule anayekuuzia; na ikiwa mwenyewe amefariki, wauliza warithi wote pamoja, siyo yule mmoja mwenye funguo. Halafu ifikishe kwa fundi usiyemlipa wewe na muuzaji kwa pamoja. Mwambie ainue mkeka wa nyuma na kugonga sakafu kwa bisibisi, hasa pale ambapo ekseli na mikono ya springi hushikamana na bodi. Bisibisi ikipenya, bei yoyote uliyotajiwa ni kubwa mno.